Mtoto Asiyejibu

Mnakumbuka tarehe 19 mwezi wa tatu 2020. Siku ile shule zote za Kongo zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Sisi walimu wa darasa la sita tulijiuliza: Watoto wetu watafanyaje mtihani wa mwisho wa shule ya msingi?

Tulikuwa na simu; basi tukaanzisha kikundi cha WhatsApp pamoja na wazazi. Kila asubuhi tuliandika hesabu ubaoni, tukapiga picha, tukaituma. Kisha tukaeleza kwa sauti, maneno machache tu, kwani mega ni ghali. Wazazi walirudisha picha za madaftari, nasi tukasahihisha. Tulifurahi sana. Tulisema: Tazameni, shule imeingia nyumbani!

Lakini wengine hawakujibu. Mmoja alikuwa binti hodari wa hesabu. Tukaandika ujumbe kwa namba ya baba yake. Simu ikatuonyesha alama mbili, maana yake ujumbe umefika. Wiki tatu zikapita, kimya. Basi tukaweka jina lake kati ya wavivu, tukalitangaza katika kikundi mbele ya wazazi wote.

Siku moja tulipita kwao. Tulimkuta uani anatwanga. Mama yake akasema bila hasira: «Mwalimu, simu iko moja tu, na baba yao anakwenda nayo kazini. Akirudi usiku, haina moto tena.» Binti akatuletea daftari lake. Lilijaa hesabu alizozitoa katika kitabu cha zamani cha kaka yake, wala hakuna aliyezisahihisha. Tuliona haya. Ujumbe wetu ulifika kwa simu, haukufika kwa mtoto.

Toka siku ile masomo ya simu tuliyaandika pia kwa karatasi, tukayaacha dukani karibu na kanisa. Tuliwaambia watoto wasikilize masomo ya Radio Okapi, kwani redio moja yaweza kufundisha watoto wa nyumba tatu. Kila juma tulitembelea wasiojibu. Tena tuliomba msamaha kwa yule binti katika kikundi kile kile. Tarehe 10 mwezi wa nane 2020, madarasa ya mwisho yaliporudi shuleni, aliketi benchi la kwanza.

Hatusemi simu ni mbaya. Hata leo tunaitumia, na mtoto mgonjwa hupata somo lake kitandani. Lakini simu humwonyesha mwalimu wale wanaojibu tu. Wengine lazima awatafute kwa miguu.

Ninyi wazazi, jioni mwachieni mtoto simu nusu saa, mkae karibu naye. Nasi walimu, kabla ya kumwita mtoto mvivu, tupige hodi kwao kwanza.