Muziki Nao Una Ukoo

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo twaitumia kwa watu, bali katika muziki twaisahau. Mtu akishampenda mwimbaji mmoja ujanani mwake, aghalabu humfungia mlango kila mgeni ajaye baadaye, na wimbo asioujua ukilia redioni husema, "Zima kelele hizo." Vijana nao huwatendea wazee vivyo hivyo. Ndugu msomaji, leo natamani tuzungumze juu ya namna ya kuupata muziki mpya ulio jamaa wa ule unaoupenda tayari. Jambo hili laonekana dogo, lakini laweza kuikutanisha nyumba au kuitenganisha.

Katika nyumba yetu hapa Muyinga halikuwa dogo. Mume wangu ni askari, na alikuwa miongoni mwa waliotumwa kulinda amani Somalia, ambako majeshi ya Burundi yalianza kwenda Desemba 2007. Alirejea mwaka 2017. Wenzangu wenye waume askari wanajua mambo yalivyo: baba hurudi salama, wote wakamshukuru Mungu, kisha juma la pili ukimya ukaingia. Watoto wamekua, na mazungumzo yao yamepata njia nyingine. Yeye jioni hutaka Simba Wanyika. Kijana wetu mkubwa alikuwa ameziba masikio kwa spika ndogo, akisikiliza nyimbo za Diamond Platnumz. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Gitega kukaa nasi, hakuona muziki mwingine wa haja ila inanga. Watu watatu chini ya paa moja, kila mmoja na dunia yake.

Nilianza kutafuta wimbo ambao wote watatu wangeuvumilia, nikajifunza kwamba muziki nao una ukoo kama watu. Ukiujua ukoo wa wimbo uupendao, utawafikia ndugu zake bila kupapasa gizani. Lakini kwanza jiulize swali moja: ni kitu gani hasa kinachonishika katika wimbo huu? Je, ni sauti, gitaa, maneno, au mlio wa ngoma? Anayependa maneno ya busara hatatulizwa na wimbo wenye gitaa tamu usio na neno la maana. Jibu lako ndilo litakaloonyesha njia ya kupita, na njia zenyewe ni tatu.

Njia ya kwanza ni kufuata watu. Bendi ni nyumba tu. Wapigaji huhama, nao huondoka na ufundi wao. Simba Wanyika iliundwa Nairobi mwaka 1971 na ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, wenyeji wa Tanga. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wake walitoka wakaunda Les Wanyika. Basi aliyezoea magitaa ya bendi ile ya kwanza atajiona yuko nyumbani akiisikia hii ya pili. Dar es Salaam nako, Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde iliwachukua waimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka kutoka bendi ya JUWATA. Mpenzi wa mmoja hana budi kuonja mwingine. Wasomaji wenye sare watapenda kukumbuka kwamba hata Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa na Mwenge Jazz, na polisi wa huko walikuwa na Polisi Jazz. Kadhalika, tazama mwimbaji wako ameimba na nani. Kidum wetu, mzaliwa wa Bujumbura, ameimba na Juliana wa Uganda na pia na Lady Jaydee wa Tanzania. Kwa mtu mmoja umepata milango miwili.

Njia ya pili ni kufuata wimbo wenyewe, kwani nyimbo huzaliwa upya. Khadja Nin, binti wa Burundi aliyeimba sana kwa Kiswahili, alitoa wimbo "Sina Mali, Sina Deni" mwaka 1996. Asili yake ni wimbo wa Stevie Wonder wa Marekani. Aliyempenda Khadja Nin ana njia tayari ya kumfikia Stevie Wonder, tena bila kujua Kiingereza, maana sauti ya wimbo ameshaizoea.

Hapo ndipo nilipopata ufunguo wa nyumba yangu. Kijana wetu alikuwa akipiga mfululizo wimbo "Salome", alioutoa Diamond pamoja na Rayvanny mwaka 2016. Msingi wake ni wimbo wa Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka mkoa wa Kagera, uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kagera si mbali: ukitoka Muyinga mjini ukavuka mpaka Kobero, umekwisha kuingia wilaya ya Ngara. Jioni moja nilimwomba kijana aondoe spika masikioni, atupigie "Salome" sote tusikie, kisha afuatishe ule wa Saida. Baba yake alisema ule wa pili anaujua tangu ujanani. Mama mkwe aliacha kuchambua maharagwe. Akatega sikio kwenye ngoma zile, akaanza kupiga makofi taratibu.

"Mtoto huyu anaimba kama watu wa kwetu," alisema. "Ni wa kilima gani?"

"Si wa Burundi, Bibi," kijana akamjibu. "Ni Mhaya."

"Basi mjukuu wangu, muulize kama kwao wana inanga."

Swali hilo ndilo njia ya tatu: fuata ala. Naam, Wahaya wanayo. Wao huiita enanga, na mafundi wake husimulia kwayo habari ndefu za mashujaa. Inanga ya kwetu ni ubao mrefu uliochongwa kama chano, na juu yake hupitishwa uzi mmoja kwenda na kurudi hadi zikapatikana nyuzi kama nane. Ajabu yake kubwa ni kwamba fundi wa Burundi huweza kunong'ona badala ya kuimba. Mnong'ono hauna sauti ya kupanda wala kushuka. Nyuzi ndizo zinazochukua sauti ya wimbo, na sikio la msikilizaji huviunganisha viwili hivyo hata akadhani mnong'ono wenyewe unaimba. Mama mkwe alipomweleza mjukuu wake habari hiyo, kijana alirudia kuisikiliza mara tatu. Likizo ilipofika, alimwomba baba yake wapite Karuzi hadi Gitega, wapande kilima cha Gishora kuwaona wapiga ngoma. Huko alijifunza kwamba katika nusu duara ile, ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo iongozayo. Ibishikizo huifuata, na amashakwe hushikilia mwendo bila kukoma. UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika urithi wa wanadamu mwaka 2014. Walirudi wakizungumza, baba na mwana, na mimi sikuhitaji kuuliza zaidi.

Wengine watasema simu hufanya kazi yote hii. Ni kweli, husaidia: huangalia waliosikiliza wimbo wako walisikiliza na nini kingine, kisha hukupendekezea. Itumie. Lakini simu huijua tu sauti iliyokwisha kurekodiwa na kutiwa humo. Mzee apigaye inanga kilimani, asiyewahi kurekodiwa, hayumo. Akifariki kabla ya mtu kumketia karibu, hakuna kidole kitakachompata kwenye kioo. Ndiyo maana kuuliza watu kungali bora. Askari mna bahati hapa, maana kambini watu hutoka mikoa yote. Muulize mwenzako wa lindo kwao huimbwa nini, naye umwimbie wa kwenu.

Nawaachia na desturi mbili zilizotufaa. Wimbo mgeni tuuweke kati ya nyimbo mbili tulizozizoea, kama mgeni anavyoketishwa kati ya wenyeji. Na tusiuhukumu kabla ya kuusikia mara tatu, kwa siku tofauti. Mara ya kwanza sikio husikia ugeni tu. Usipoupenda hata baada ya hapo, uage kwa heshima na uendelee na safari.

Ndugu msomaji, usiulize tu, "Nisikilize nini kingine?" Uliza pia, "Nisikilize na nani?" Wimbo unaoutafuta huenda tayari anaujua mtu mnayekula naye sahani moja.