Mfumo wa Mama

Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitunza Windows 10. Prosesa ya kompyuta ya mama ni ya zamani, Windows 11 haiitaki. Fundi wa mtaani akasema tununue nyingine. Na pesa gani? Humo mna hesabu za chama chake za miaka sita.

Mifumo ya bure ni mingi. Moyo wangu ulikuwa kwa FreeBSD, safi, na maelezo yake yanasomeka. Lakini waifai ya mashine kuukuu ingenisumbua, na mimi naishi mbali. Ubuntu, neno la Kizulu la utu, ilikuwa nzito kwa ramu ya GB 4. Nikashika Debian yenye Xfce. Ian Murdock aliianzisha 1993, akaunganisha jina la mpenzi wake Debra na lake. Toleo thabiti hukaa kama miaka miwili bila kubadili sura. Vijana huiita ya wazee. Sawa tu: mama hukumbuka kitufe kwa mahali kilipo, si kwa jina.

Hesabu nilizitoa kwanza kwa flashi, LibreOffice ikazifungua.

Juzi akanipigia. “Wewe, hii kitu siku hizi haiulizi maswali?”

“Haiulizi, mama.”

“Haya. Niache, kuna mtu hajalipa.”