Gari Likinasa Chalbi, Watoto Wakae Mbali
Jangwa la Chalbi, kati ya Marsabit na North Horr, ni sakafu ya ziwa la kale. Kiangazi chumvi yake hung'aa. Mvua ikinyesha, gari huzama hadi ekseli. Mti wa kufungia winchi hakuna. Madereva huchimba shimo refu, hufukia tairi la spea likiwa wima, mnyororo umepitishwa kwenye rimu, kisha huchimba mfereji wa waya ili usiling'oe. Jasho tupu!

Waya ukikatika hurudi kama mjeledi, na unaweza kuua. Blanketi zito juu yake hupunguza kasi. Watoto wasimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa waya. Shida ni kwamba kivuli pekee ni cha gari, nao hukikimbilia. Wapewe mwavuli na maji.