Kadi Kubwa Ugenini: Tangu Lini, na Ngapi?

Tangu nihamie Dallas, Marekani, kwa kazi ya kuandika programu, swali ninaloulizwa sana na vijana wa Nairobi wanaojiandaa kuja si la kodi ya nyumba wala la chakula. Wanataka kujua jinsi ya kupata zile kadi nzito za chuma, na akaunti za wateja wa daraja la juu. Haya basi, niwaeleze nilivyoyaona mwenyewe.

Nairobi nilikuwa mteja wa daraja hilo. Mshahara ulipopita kiwango fulani benki ilinipa meneja wangu mwenyewe, na foleni nikaisahau. Sifa hiyo haikupanda ndege. Wiki ya tatu hapa nilituma ombi la kadi ya mkopo, nikiwa na nambari ya Social Security na mkataba wa kazi wenye mshahara mzuri. Jibu lilikuja chini ya dakika moja: hapana. Barua ikafuata kwa posta. Sheria ya hapa inampa aliyekataliwa haki ya kujua sababu, kwa hivyo msiitupe barua hiyo, isomeni. Yangu ilisema sina historia ya mikopo ya kutosha.

Wenzangu wa kompyuta watanielewa upesi: sikuwa na sifuri, nilikuwa tupu. Sifuri ni thamani. Tupu maana yake hakuna kilichowahi kuandikwa. Alama za FICO huanzia 300 hadi 850, lakini hazihesabiwi kabisa mpaka uwe na akaunti moja ya mkopo yenye umri wa angalau miezi 6. Mikopo yote niliyolipa kwa simu kule nyumbani, M-Shwari na mingineyo, iko kwenye kumbukumbu za Kenya. TransUnion mnayoijua kwa mambo ya CRB ipo hapa pia, ila faili la Kenya ni la Kenya.

Na si kadi tu iliyoniponyoka. Mwenye nyumba naye aliusoma utupu ule ule, akadai amana ya miezi 2 badala ya mmoja. Pesa hizo nilikuwa nimezitenga ziwe karo ya chuo ya mdogo wangu. Tangu siku hiyo sikuona tena kwamba kadi ni jambo la kujionyesha.

Aliyenishika mkono ni dada mmoja wa Kisii, muuguzi, aliyekaa hapa miaka mingi. Aliniongeza kwenye kadi yake kama mtumiaji wa pili, na historia ya kadi ile ikaanza kuonekana kwenye faili langu. Kadi yenye jina langu ilipofika aliifungia kwenye droo yake. "Jina nimekukopesha, ndugu yangu," akasema, "kadi hapana." Sikumlaumu. Kama ningeitumia vibaya, lake ndilo lingechafuka.

Sambamba na hilo nilichukua kadi ya dhamana: unaweka dola 300 benki, unapewa kikomo cha dola 300. Yaani unajikopesha pesa zako mwenyewe mbele ya mashahidi. Sasa sikilizeni vizuri. Kwa kawaida benki hupeleka salio lako kwa wenye kumbukumbu siku taarifa ya mwezi inapofungwa, si siku unapolipa. Ukinunua vitu vya dola 270 na kulipa zote baada ya taarifa, bila kuchelewa hata siku moja, faili bado litaonyesha umetumia asilimia 90 ya kikomo. Na kiasi cha deni kina uzito wa asilimia 30 katika alama za FICO. Nikaandika programu ndogo ya kunikumbusha siku 3 kabla; nalipa mpaka zibaki dola chache tu. Alama zikapanda. (Kulipa kwa wakati kuna asilimia 35, na hapo hakuna ujanja.) Ripoti zenyewe husomwa bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com.

Akaunti za daraja la juu ni mlango mwingine. Huko hawaulizi tangu lini, wanauliza ngapi. Chase Private Client, kwa mfano, huzungumzia salio la wastani la dola 150,000. Mimi sina, na sioni aibu.

Kadi je? Mwaka 2025 ada ya mwaka ya Sapphire Reserve ilipanda hadi dola 795, na ya American Express Platinum hadi 895. Kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka, hicho ni kiti ghali sana cha kungojea ndege. Nimechukua isiyo na ada ya mwaka wala ada ya manunuzi ya nje.

Kinachonifaa zaidi ni akaunti ya kawaida kabisa. Tangu 1 Januari 2026, anayetuma pesa nje ya Marekani kwa kulipa taslimu hutozwa kodi ya asilimia 1. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya hapa hatozwi. Karo ya mdogo wangu hupitia humo.

Dada yule nimemwomba aniondoe kwenye kadi yake. Amesema sawa, kuna binti wa Eldoret anayefika Agosti, nafasi ni yake.