Uti wa Mgongo Hubeba Kilo Ngapi?

Kila bajeti inaposomwa Dodoma, na kila Nane Nane inapowadia, hukumbushwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Usemi huu umerudiwa mno hata hatuusikii tena. Mimi nimepata muda wa kuutafakari, kwa kuwa miezi tisa iliyopita nimekuwa nikiuguza uti wa mgongo usio wa mfano: wangu mwenyewe.

Kiunoni binadamu ana pingili tano. Diski iliyo kati ya pingili yangu ya nne na ya tano ilichakaa ikaubana mshipa wa fahamu uendao mguuni, nikawa siwezi kusimama darasani dakika kumi bila mguu wa kushoto kufa ganzi. Madaktari waliiondoa diski hiyo, wakapandikiza mfupa mahali pake, kisha wakazifunga pingili zile mbili kwa skrubu na vyuma vya titaniamu. Wengi waliokuja kunijulia hali waliamini kwamba vyuma ndiyo tiba. Sivyo. Kazi ya chuma ni kushikilia tu, mpaka mfupa uote na kuzifanya pingili mbili kuwa moja. Kazi hiyo huchukua miezi sita hadi mwaka, pengine zaidi. Mfupa usiposhikana, chuma nacho huishia kulegea au kuvunjika. Kwa maneno mengine, daktari hufanya kazi ya saa chache, na iliyobaki hufanywa na muda.

Nilipewa amri tatu: usiiname, usinyanyue, usijipinde. Wiki za mwanzo niligeuka kitandani kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja. Nilianza kutembea siku ya pili, hatua chache wodini, kisha hadi mlangoni. Nyumbani ikawa hadi kwa jirani, kisha hadi barabarani. Mke wangu ndiye aliyenivalisha soksi. Binti yetu wa darasa la tatu alijitwika wadhifa wa kuokota vinavyoanguka. "Baba," aliniagiza, "ukiangusha kitu usikiangalie, niite."

Amri hizo niliziweza kwa sababu nilikuwa na muda, na muda huo niliupewa na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kadi ya bima ililipia sehemu kubwa ya matibabu, na wenzangu idarani wakagawana masomo yangu.

Kitanda cha pili kutoka changu kililaliwa na kuli wa soko moja la jijini, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyefanyiwa upasuaji kama wangu. Ndugu zake walichangishana na kuuza kiwanja. Alipoambiwa asibebe mzigo kwa mwaka mzima, aliitikia kwa adabu. Daktari alipoondoka akanigeukia. "Mwalimu, wewe ukilala, mshahara wako unaamka kwenda kazini. Mimi nikilala, tunalala sote." Baadaye alinipigia simu: amesharudi sokoni. "Sibebi, Mwalimu," aliniapia, "nasukuma mkokoteni tu." Mfupa wake ulikuwa na umri wa wiki tisa.

Mzigo uliomlaza kijana yule tunaujua kwa jina: lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba. Mjadala wetu kuhusu lumbesa umekuwa ni wa mkulima anayepunjwa, na ni mjadala halali. Sheria inaagiza gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini hata gunia hilo halali hushushwa kwenye lori kwa mgongo wa mtu. Mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128, lilitaka mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja ukizidi kilo 55 upunguzwe haraka hadi kiwango hicho. Wapagazi wa karne ya 19, waliotembea kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, kwa kawaida walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30. Ni kweli kwamba wao walikwenda miezi, na kuli wa leo hubeba kwa hatua chache. Lakini hatua hizo huzirudia kutwa, akiwa na mzigo mara tatu ya ule, kwa idhini ya sheria.

Na akianguka? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, huendeshwa kwa michango ya waajiri. Kuli hana mwajiri. Ana wafanyabiashara ishirini wanaomlipa kwa gunia, na hakuna hata mmoja anayewajibika kwa mgongo wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ni hatua ya kupongezwa, kwani ikitekelezwa ipasavyo haitakuwa lazima kuuza kiwanja ili kufika chumba cha upasuaji. Lakini bima humlipa anayekata na kushona. Haimlipi mgonjwa miezi ya kungoja mfupa ushikane. Tukimfanyia mtu upasuaji kisha tukamnyima muda wa kupona, tumetumia fedha nyingi kumrudisha palepale alipoumia.

Yapo yanayowezekana bila kungoja msaada wa nje. Mbolea humfikia mkulima katika mifuko ya kilo 50. Kwa nini viazi vilivyokuzwa kwa mbolea hiyo virudi mjini katika magunia ya kilo mia na ushee? Kikomo kishushwe hadi kilo 50, na mkulima na kuli watalindwa kwa mzani mmoja. Halmashauri zinazotoza ushuru sokoni zinaweza kutenga sehemu yake kwa mfuko wa posho ya makuli wagonjwa, na kwa kujenga majukwaa ya kushushia mizigo.

Picha ya mwezi uliopita imeonyesha kwamba pingili zangu zimeshikana. Daktari alinieleza kwamba tangu sasa pingili za jirani zitabeba zaidi, kwa kuwa zile mbili hazipindi tena. Ndivyo ilivyo hata nyumbani kwa kuli: akilala yeye, mkewe huongeza kibarua, na mtoto mkubwa huacha shule. Basi bajeti ijayo, mheshimiwa atakapoutaja uti wa mgongo wa taifa, tumwulize: wa nani, na unabeba kilo ngapi?