WordPress Inapohama: Maandishi kati ya Hifadhidata Mbili

Tovuti inayoendeshwa kwa WordPress ina sehemu mbili: mafaili ya programu na picha yaliyo kwenye folda za seva, na maandishi yenyewe, ambayo hukaa ndani ya hifadhidata ya MySQL. Makala zimo katika jedwali la wp_posts, mipangilio katika wp_options, watumiaji katika wp_users. Tovuti inapohamia seva nyingine, mafaili hunakiliwa tu. Kazi iko kwenye hifadhidata, na namna ya kuifanya imebadilika sana tangu toleo la kwanza la WordPress lilipotoka tarehe 27 Mei 2003, Matt Mullenweg na Mike Little walipoiendeleza programu ya b2/cafelog ya Michel Valdrighi.

Uhamaji mkubwa wa kwanza ulikuja mwaka uliofuata. Kampuni ya Six Apart ilibadilisha masharti na malipo ya programu yake ya blogu, Movable Type 3.0, na waandishi wengi wakaamua kuhamia WordPress. Movable Type ilitoa maudhui yake kama faili la maandishi ya kawaida: kichwa, mwandishi, tarehe, kisha makala, vikitenganishwa kwa mistari ya vistari. WordPress ililisoma faili hilo na kupanga kila kitu upya katika majedwali yake. Lilikuwa na uzuri wake faili lile, kwa kuwa mtu yeyote angeweza kulifungua, akaona kasoro na kuisahihisha kwa mkono kabla ya kuliingiza.

Tatizo lililosumbua watu kwa miaka mingi lilianza pale MySQL 4.1 ilipoleta utaratibu wa kila safu ya jedwali kutangaza seti yake ya herufi. Isipotajwa, safu ilihesabiwa kuwa latin1. WordPress, kwa upande wake, ilikuwa ikiandika kurasa kwa seti nyingine, UTF-8. Baiti za UTF-8 zikawekwa katika safu zilizotangazwa kuwa za latin1, na kwa kuwa mawasiliano kati ya programu na hifadhidata nayo yalikuwa ya latin1, baiti zilitoka kama zilivyoingia. Ukurasa ulisomeka vizuri, na hakuna aliyejua kwamba tangazo la jedwali si la kweli.

Siku ya kuhama ndipo mambo yalipoharibika. Programu ya mysqldump ilitoa nakala kwa UTF-8, kwa hiyo MySQL ilibadilisha kila kilichoitwa latin1 kuwa UTF-8, hata kilichokuwa UTF-8 tayari. Maandishi ya Kiswahili hayakuumia sana, maana herufi zetu nyingi ni zile za msingi zisizobadilika katika seti yoyote kati ya hizo. Kilichoumia ni ritifaa. Aliyenakili makala kutoka Word alileta ritifaa iliyopinda, ambayo katika UTF-8 huchukua baiti tatu, na baada ya kuhama kila moja ya baiti hizo ilisomwa kama herufi kamili. “Ng’ombe” akawa “Ngâ€™ombe”, na vivyo hivyo ng’ambo, ng’ara na kung’oa. Msimamizi aliyekagua ukurasa wa mwanzo na kukosa neno la namna hiyo aliamini kazi imekwisha, huku mamia ya makala za zamani zikiwa zimeharibika.

Waliofanya kazi hiyo miaka ile wanaikumbuka tiba yake. Safu ya post_content iligeuzwa kwanza kuwa LONGBLOB, yaani baiti tupu zisizo na seti ya herufi, kisha ikarudishwa kuwa LONGTEXT iliyotangazwa utf8. Kupita katika BLOB kuliizuia MySQL isitafsiri chochote. Baiti zilibaki zilezile, tangazo pekee likabadilika. Mwaka 2007 WordPress 2.2 iliweka DB_CHARSET katika faili la wp-config.php, na tovuti mpya zikaepukana na balaa hilo. Za zamani zililibeba hadi mtu mwangalifu alipozishughulikia.

Kasoro ya pili ilikuwa ya anwani za tovuti. Mipangilio mingi huhifadhiwa kama mfuatano mmoja ambamo PHP, lugha iliyotumika kuandika WordPress, hutaja idadi ya baiti kabla ya kila neno: s:9:"ng’ombe", herufi saba lakini baiti tisa. Mtu alipofungua nakala ya hifadhidata, yaani faili la SQL, katika kihariri na kubadilisha http kuwa https kote kwa mkupuo mmoja, kila anwani iliongezeka baiti moja huku hesabu ikibaki ya zamani. PHP iliukataa mfuatano mzima, na visanduku vya pembeni mwa ukurasa vikatoweka. Amri ya search-replace ya WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi, ndiyo iliyoiokoa kazi hii: hufungua mfuatano, hubadilisha, kisha huhesabu upya. Aidha, huweza kuonyesha kwanza ni safu zipi zitaguswa bila kubadilisha lolote, na hakuna sababu ya kuiruka hatua hiyo.

Hata utf8 ya MySQL haikuwa kamili, kwa sababu iliishia baiti tatu kwa herufi. Emoji inahitaji nne. Ilipoingizwa, maandishi yote yaliyoifuata yaliweza kukatwa. MySQL 5.5 ilileta utf8mb4, na WordPress 4.2 ikaipokea mwaka 2015. Faharasa za InnoDB, mfumo wa MySQL wa kuhifadhi majedwali, wakati huo zilikuwa na kikomo cha baiti 767, ndiyo maana WordPress ilizipunguza hadi herufi 191.

Leo kikwazo kinachokutwa mara kwa mara kiko kati ya MySQL na MariaDB, tawi lililoanzishwa na Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa MySQL. Katika MySQL 8.0, jedwali la utf8mb4 lililoundwa bila kutaja mpangilio wa herufi hupewa utf8mb4_0900_ai_ci. Matoleo mengi ya MariaDB hayaujui mpangilio huo na hugoma kuliingiza faili. Kuandika utf8mb4_unicode_520_ci badala yake ndani ya faili hutosha, kwani hilo hugusa namna ya kulinganisha na kupanga maneno tu, si baiti za maandishi. Baada ya kuingiza, idadi ya rekodi katika kila jedwali hulinganishwa na ile ya seva ya zamani, na makala zenye ritifaa hutafutwa na kusomwa kabla ya jina la tovuti kuelekezwa kwenye seva mpya.