Mgeni wa Misali na Amana ya Mwenyeji

 

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona mtu akaaye Soweto, Mbeya, chini ya mlima Loleza, anakuandikia wewe mtu wa pwani habari za kasa na matumbawe. Hapa petu mwezi wa Julai watu huvaa makoti hata msikitini, na samaki tuwajuao zaidi ni wale wakavu waletwao sokoni kutoka maziwani. Lakini mimi ni mzaliwa wa Pemba, na kitovu changu kimezikwa huko. Nimesomesha chuo hapa zaidi ya miaka ishirini. Kila tufikapo katika kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema katika Suratul Kahf, pale penye chombo cha maskini wafanyao kazi baharini, watoto huniuliza: "Ustadhi, bahari ikoje?" Swali hilo hunirudisha kwetu.

Mwezi uliopita niliulizwa swali jingine, nalo lilitoka huko huko kwetu. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye huchukua wageni kwa mashua kutoka Wesha kwenda kisiwa cha Misali, aliniletea ujumbe katika simu: "Shikamoo ami. Wamekuja wageni na chombo chao cha tanga. Wanataka kumwona kasa, na mmoja wao ametoa fedha nyingi ili nimfukulie mayai apige picha, kisha niyafukie. Anasema hatachukua hata moja. Je, kuna ubaya?"

Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Kijana hakujua kwamba swali lake nilikwisha kulijibu kwa mkono wangu mwenyewe, mwaka 1988, na nikalijibu vibaya.

Kwanza nikueleze kisiwa chenyewe, wewe usiyepata kufika. Misali iko magharibi ya Pemba, katika mkondo wenye kina cha mita 800 na zaidi uitengao Pemba na bara. Eneo lake halizidi kilomita moja ya mraba. Hakuna kijiji pale. Wavuvi hupiga dago, wakalala siku chache, wakarudi makwao. Wazee wetu husimulia kwamba Nabii Khidhri, ambaye wengine kwetu humwita Hadhara, alifika pale akawaomba wavuvi msala apate kusali. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Ndipo pakaitwa Misali. Hii ni simulizi ya wazee, wala sikuletei kama hadithi yenye sanadi. Lakini angalia maana yake: wenyeji walifikiwa na mgeni hali hawana kitu cha kumpa, na kisiwa chenyewe kikawa takrima yake.

Wageni nao wana simulizi yao. Husema kwamba haramia William Kidd, yule aliyenyongwa London mwaka 1701, alificha hazina katika Misali. Basi wapo wafikao pale wakiitazama ardhi kwa jicho la mtafuta dhahabu. Dhahabu sikupata kuiona, lakini chini ya mchanga ule kweli mna hazina. Kasa wa kawaida na ng'amba hupanda pwani ya Misali usiku wakataga. Majini mna matumbawe, na samaki wa aina zaidi ya 300. Wala habari za kasa si ngeni katika pwani yetu: mabaharia wa Kiyunani walioandika juu ya biashara ya bahari hii yapata miaka 2,000 iliyopita walitaja kasa wa visiwani kwetu, na magamba yao yaliyosafirishwa ng'ambo.

Sasa nirudi mwaka 1988. Nalikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nina mashua ya kuazima na mahari ya kutafuta. Walikuja mume na mke kwa chombo chao cha tanga. Walikuwa watu wapole, waliokwisha kutembea visiwa vya Karibi kabla ya kuja huku. Waliniambia kwamba hata huko wako ng'amba, ni jamaa moja na hawa wetu, na kwamba wamewindwa mno kwa ajili ya magamba yao. Waliniuliza tu kama pana mahali wanaweza kuona nyayo za kasa mchangani.

Msomaji wangu, nataka ulishike hili: wao waliuliza nyayo. Ni mimi niliyesema, "Nitawaonyesha zaidi ya nyayo." Kulikuwa na shimo nililolijua tangu wiki mbili nyuma. Nikafukua kwa mikono, nikayapanga mayai juu ya mchanga, mia na kitu, meupe, ya mviringo. Wakapiga picha. Yule mama akaniuliza kama hayatadhurika, nami nikacheka nikamwambia, "Sisi ndio wenyeji." Kisha nikayarudisha moja moja, nikafukia, nikapokea noti zangu. Usiku ule nilijiona mtu mwema, kwa kuwa sikula hata yai moja.

Baada ya miezi miwili nilipita tena. Mchanga ulikuwa umetulia, hapana dalili ya kitoto kilichotoka. Nikafukua, harufu ikanipiga usoni. Mzee mmoja wa dagoni alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Mwanangu, yai la kasa si yai la kuku. Halipinduliwi." Akaenda zake.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba mzee yule alisema kweli. Kuku huligeuza yai lake kila siku, na kifaranga hakidhuriki. Lakini mtoto wa kasa, baada ya saa chache tu tangu yai kutagwa, hujishikiza upande wa juu wa ganda. Ukilipindua yai, aweza kufa, na kwa nje hutaona ufa wala alama. Hukaa mchangani kama siku 60, na joto la mchanga ndilo liamualo awe dume au jike. Akitoka usiku hufuata mwangaza wa bahari. Ukimwashia taa nchi kavu, huifuata taa akapotea. Mama yake naye, akimulikwa tochi kabla hajataga, aweza kurudi majini bila ya kutaga. Na kasa hupevuka polepole mno: miaka 20, pengine 30 na zaidi, ndipo jike arejee kutaga katika pwani za upande ule alikozaliwa. Wengi huliwa wakiwa wachanga, hili ndilo jambo la bahari. Lakini katika yale mia na kitu, kama Mwenyezi Mungu angejaalia hata mmoja, huyo sasa ndio wakati wake wa kupanda mchanga wa Misali.

Twaijua hadithi ya masahaba waliochukua makinda ya ndege mdogo safarini, mama yake akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (s.a.w.) akaamuru makinda yarudishwe. Naliisoma hadithi hiyo chuoni kabla ya mwaka 1988. Naliihifadhi. Sikujua kwamba ilikuwa yanihusu mimi.

Wenzangu wa Pemba waliamka kabla yangu. Wakati ule wapo waliovua kwa baruti na kuvunja nyumba ya samaki kwa ajili ya samaki wa siku moja. Mwaka 1998 Misali na maji yake yakatangazwa kuwa hifadhi. Wavuvi wakaachiwa kuvua, isipokuwa sehemu moja iliyofungwa ili samaki wazaane. Mwaka huo huo joto la bahari likaua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, na watu wakaona kwamba kitu kikongwe kama tumbawe chaweza kufa kwa msimu mmoja. Mwaka 1999 taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Birmingham, Uingereza, IFEES, pamoja na shirika la CARE, zikaanza kufundisha uhifadhi kwa njia ya mafunzo ya dini: kwamba mwanadamu ni khalifa, na alichopewa ni amana. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa katika mkondo wa Pemba.

Basi nilimjibu kijana, na jibu langu nakupa nawe uliye Lamu, Mafia, Tanga au Unguja, ambaye kesho waweza kufikiwa na mgeni wa chombo cha tanga. Mgeni hajui. Hajui kwamba nanga yake ikiangukia tumbawe huvunja kazi ya miaka mingi, kwani matumbawe mengi makubwa hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Mwonyeshe boya, au mchanga mtupu. Hajui kwamba kombe aliokotalo ni nyumba ya kaa. Hajui kwamba mtu wa dagoni hapendi kupigwa picha akiwa nusu uchi, wala kwamba kijijini mwanamke wa kigeni akijifunga kanga hupokewa kwa moyo mkunjufu zaidi. Hayo yote ayajue kwa nani, kama si kwako? Mgeni akikosea kwa kutojua, huenda akasamehewa. Mwenyeji akiuza anachokijua, atajibu nini?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona kwa kuuza alichokabidhiwa. Yule mja mwema wa Suratul Kahf alikitia ila chombo cha maskini ili mfalme dhalimu asikipore. Mimi nilifanya kinyume: nilikuwa maskini wa baharini, nikakipora chombo changu mwenyewe, na wala hapakuwa na mfalme aliyenilazimisha.

Kijana alinijibu: "Nimesikia, ami." Hakuongeza neno, nami sikumwuliza kuhusu zile fedha. Najua njaa ya kijana mwenye mashua ya kuazima. Namwombea kila alfajiri, katika baridi hii ya Soweto, na nakuomba nawe umwombee, na uniombee mimi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa alichotukabidhi. Amin.